Dawa ipi ilitangulia? Swali la mfamasia lililomsaidia baba

Baba alipoanguka usiku akielekea chooni, sote tulisema ni uzee. Ana miaka 78, aliwahi kupata mshtuko wa moyo, na presha ameishi nayo muda mrefu. Tukamtibu michubuko, tukaanza kuacha taa ikiwaka usiku, tukadhani tumemaliza. Aliyetufumbua macho ni mfamasia aliyekaa na baba karibu saa nzima, mfuko wa dawa ukiwa mbele yao.

Alikuwa ameomba tulete kila kitu. "Mzee, hata zile ulizoacha kunywa, na zile ulizojinunulia mwenyewe," alimwambia. Tulipomwaga mfuko mezani zilitoka dawa za aina nane. Mimi ninayemhudumia kila siku nilizijua sita. Ya saba ilikuwa diklofenaki, dawa ya maumivu aliyokuwa akiinunua kimyakimya kwa ajili ya magoti. Ya nane ilikuwa vidonge vya maumivu vya kuyeyusha kwenye maji, na siku hiyo ndipo nilipojua kwamba vidonge vya namna hiyo mara nyingi huwa na sodiamu nyingi, kitu ambacho mwenye presha hakihitaji.

Nilitarajia aanze kusoma majina. Yeye akauliza: "Ipi ilitangulia? Ipi ikafuata, na iliandikwa kwa sababu gani?" Ikabidi tutoe karatasi za kliniki na kuzipanga kwa tarehe. Amlodipini ya presha ilikuwa imepandishwa kutoka miligramu 5 hadi 10. Wiki chache baadaye miguu ikavimba. Daktari mwingine, ambaye hakuwa na habari ya dozi mpya, akaandika furosemidi, dawa ya kukojoza. Baba hapendi kutafuta choo akiwa matembezini, kwa hiyo akawa anaimeza jioni. Safari za chooni usiku zilianzia hapo.

Kuvimba miguu ni athari inayojulikana sana ya amlodipini, hasa dozi ikiwa kubwa. Mishipa midogo hutanuka, maji yakavujia kwenye nyama za miguu, na dawa ya kukojoza haisaidii sana uvimbe wa aina hiyo. Kumbe dawa ya pili ilikuwa inatibu madhara ya dawa ya kwanza. Mfamasia alisema mambo haya huwapata wazee wengi wenye maradhi ya moyo: enalaprili, dawa nyingine ya presha, inaleta kikohozi kikavu, mzee anaandikiwa dawa ya kikohozi, na hakuna anayeuliza kikohozi kilianza lini.

Akampima baba presha akiwa amelala, kisha tena baada ya kusimama. Namba ya juu ilishuka kwa 26. Ikishuka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika tatu za kusimama, huo ni upungufu wa kushughulikiwa, kwa kuwa ndio unaoangusha watu. Kliniki walikuwa wakimpima akiwa amekaa tu.

Kilichonitisha zaidi ni diklofenaki. Aliiweka kando ya enalaprili na furosemidi za baba, akaeleza kwamba kila moja kati ya hizo tatu, kwa njia yake, inapunguza nguvu ya damu inayochujwa na figo, na zikikutana figo zinaweza kuumia ndani ya siku chache. Tena baba anatumia aspirini, kwa hiyo hatari ya kutokwa damu tumboni nayo inapanda. Tangu 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya imeshauri diklofenaki isitumiwe na watu wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Baba alikuwa nayo mfukoni mwa shati.

Nikamwonyesha majibu ya kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, yaliyoandikwa kuwa ya kawaida. Akauliza uzito wa baba, akapiga hesabu ya uwezo wa figo. Mzee mwembamba ana misuli michache, na kreatinini hutoka kwenye misuli, kwa hiyo namba inaweza kuonekana nzuri huku figo zimeshachoka. Ukiwa na mgonjwa anayetumia digoksini, dawa ya moyo ambayo hutolewa na figo na haina nafasi kubwa kati ya dozi inayotibu na inayodhuru, omba hesabu hiyo ifanywe.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba alipata pia dawa iliyokosekana. Ile ya kolesteroli, ambayo aliyepata mshtuko wa moyo huhitaji, ilikuwa imedondoka kwenye orodha baada ya baba kulazwa mara ya mwisho. Wataalamu wa Ireland walipotoa STOPP/START, mwongozo wa kukagua dawa za wazee, mwaka 2008 waliweka pande zote mbili, za kusimamisha na za kuanzisha. Ninaona ni sawa kabisa, maana wengi wetu tukisikia kukagua dawa tunawaza kupunguza tu.

Hakubadilisha dawa za daktari kwa mamlaka yake. Alimwomba baba aweke diklofenaki kando, akaandika barua ya ukurasa mmoja, nikaipeleka. Daktari aliisoma yote, akapima figo, potasiamu na nguvu ya moyo kusukuma damu, akarudisha amlodipini kwenye 5. Uvimbe wa miguu ulipopungua akaisimamisha furosemidi. Dawa ya kolesteroli ikarudi. Baba hajaanguka tena.

Kwa hiyo ukimhudumia mzee mwenye moyo mgonjwa, omba muda na mfamasia, usiishie kupokea dawa dirishani. Nenda baada ya kila kulazwa na kila dozi inapobadilishwa. Usisimamishe kitu mwenyewe, hata ukishapata mashaka kama niliyopata mimi. Bisoprololi, dawa ya moyo, kwa mfano, ikiachwa ghafla inaweza kuleta maumivu makali ya kifua, hata mshtuko mwingine. Na muulize mzee kwa upole kuhusu dawa anazonunua, bila kumfokea, la sivyo atazificha.

Sisi tuna karatasi moja ubaoni: jina la dawa, tarehe ilipoanza, aliyeiandika, na sababu. Safu ya sababu ilichukua wiki mbili kujaa, na mstari mmoja bado uko wazi. Tunaupeleka kwa mfamasia Jumatatu.