Mkuu, usichimbe Mikocheni kwa shimo la Septemba

Msimamishe huyo fundi kwanza, mengine baadaye. Umesema kiwanja kipo Mikocheni hapa Dar es Salaam, unataka nyumba nzima ishuke mita tatu chini ya ardhi, katikati ubaki uwazi wa kuleta mwanga, juu ya paa uwe na bustani. Ukauliza vioo gani vinafaa, mabomba ya kuakisi mwanga yanapatikana wapi, gharama zikoje na mimea ipi iwekwe paani. Halafu ukatupia mwishoni kwamba shimo la majaribio lilichimbwa Septemba, likakutwa kavu, kwa hiyo mambo ya maji yameisha. Hayajaisha. Hayajaanza.

Shimo langu la nyumba kama hiyo, Mbezi Beach upande wa baharini, nalo lilichimbwa kiangazi. Mtaalamu aliyenichorea ramani alishuka kwa ngazi mpaka chini, akateka mchanga kiganjani, ukachuruzika katikati ya vidole vyake, akaniambia, "Hapa pakavu kabisa, bosi, tunashuka." Kwa kauli hiyo tukamwaga jamvi, tukasimamisha kuta za zege, tukapaka lami kwa nje, tukafukia. Vuli ikapita salama, hata ndugu waliokuwa wakipinga wakanyamaza.

Masika yalipokolea, maji hayakupita mlangoni wala kwenye uwazi wa mwanga, sehemu ambazo tulizilinda kwa pesa nyingi. Yalitoka chini. Pale sakafu inapokutana na ukuta pakaanza kutoa jasho. Lipu ikavimba malengelenge, ukiyabonyeza yanapasuka na kutoa unga mweupe wa chumvi. Kisha usiku mmoja tukasikia mlio chumbani kwa watoto: vigae vya katikati vimepasuka, sakafu imetuna, ukikanyaga inacheza na maji yanabubujika kwenye ufa. Na hayo si maji ya mvua safi. Huku kwetu nyumba nyingi zinategemea karo na mashimo ya choo, kwa hiyo maji ya ardhini yanapopanda yanakuja na yote yaliyokutana nayo njiani. Harufu ile iliingia kwenye godoro na nguo ndani ya kabati. Watoto niliwahamishia kwa bibi yao siku hiyohiyo.

Sasa fuata hesabu ambayo hakuna aliyenipigia kabla ya kujenga. Maji ya ardhini yakisimama mita mbili juu ya sakafu yako, yanaisukuma kwenda juu kwa nguvu ya tani mbili kwa kila mita ya mraba. Jamvi la zege la sentimita 15 lina uzito wa kilo 360 hivi kwa mita hiyohiyo. Tofauti yote inabebwa na nondo, na uzito wa kuta, na udongo wa juu ya paa, iwapo kuna mtu amevipangilia kwa ajili hiyo. Chumba kikavu kilichozama kwenye maji ni mtumbwi, kinataka kuelea. Lami haizuii kitu kuelea.

Nikampigia yule bwana. Akasema weka pampu. Pampu inataka umeme, na umeme unakatika usiku uleule ambao mvua inapiga. Halafu tuulizane: nyumba ambayo lazima ivutwe maji usiku na mchana ili isizame, ni endelevu kwa lipi? Nilipombana akaniambia mvua za mwaka ule hazikuwa za kawaida. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Mtu amekulia mji huu, Desemba 2011 aliliona bonde la Jangwani likifunikwa na mafuriko, anajua masika ni Machi hadi Mei kila mwaka, na bado anampimia mteja maji katika msimu ambao maji yamelala. Anayekupimia maji Septemba amekupimia jua, mkuu.

Kwa hiyo lako ni moja: sakafu isishuke chini ya pale maji ya Mei yanapofika. Shimo limeshachimbwa, litumie. Simamisha ndani yake bomba la plastiki la inchi 4 lililotobolewa matundu pembeni, livishe kitambaa, lizungushie kokoto, fukia, ziba mdomo wake kwa kifuniko. Kila wiki teremsha kamba yenye kizito, andika maji yapo umbali gani kutoka juu. Usiishie kwenye mvua za kwanza, kwa sababu maji ya ardhini hupanda polepole na yanaweza kufika juu kabisa wakati mvua zenyewe zinaelekea kukatika. Kimo cha juu kuliko vyote ndicho unachompelekea mhandisi, na sakafu ikae walau nusu mita juu yake. Kwa Mikocheni naona jibu litakuwa usishuke kabisa.

Kuhusu zile picha ulizoweka za Coober Pedy, mji wa Australia ambako watu wengi wanaishi chini ya ardhi: kule ni jangwa, wanapata kama milimita 150 za mvua kwa mwaka. Dar inapita 1,000. Tena ubaridi wa chini unaoufuata hapa haupo kiasi hicho. Udongo wa mita chache chini hukaribia wastani wa joto la mwaka mzima, na wastani wetu ni nyuzi 26 hivi. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na ikituama karibu na ukuta huo, ukungu unaweza kuota hata bila mvua.

Ukitaka mfano tazama kwetu. Wairaqw wa Mbulu walichimba nyumba ubavuni mwa kilima, paa la udongo likafuata mteremko, mlango ukatazama bondeni. Maji yanapita pembeni na kuondoka yenyewe. Uza hicho kiwanja, tafuta mteremko Goba au Pugu, uchimbe kuingia ubavuni, upande mmoja uwe wazi.

Mwanga usikutie homa. Hapa jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, na muda mwingine haliko mbali, kwa hiyo uwazi wa katikati utapata mwanga tele. Kumbuka tu kwamba mvua nayo inashuka humohumo: uwazi wa mita 4 kwa 4, mvua ikifika milimita 100, ni lita 1,600 ndani ya nyumba, nazo zinahitaji pa kutokea bila pampu.

Vioo, mabomba ya mwanga na bustani ya paani nitakujibu ukileta vipimo vya Mei. Na leo hii mwambie fundi asimwage hata ndoo moja ya zege.