Mjomba nahodha ataka kushika kana ya usukani mferejini

SWALI: Salaam mhariri. Niko Northampton, Uingereza, na mjomba wangu kaja kututembelea kutoka Lamu, mzee kaendesha mashua maisha yake yote na tangu azione hizi boti nyembamba za mferejini basi hatupumui. Tunataka kukodi moja ya siku, tuko watu sita, tuanzie Gayton tupite handaki la Blisworth tushuke loki zote 7 (vile vyumba vya maji vyenye malango vya kushusha na kupandisha boti) za kijiji cha Stoke Bruerne alafu turudi kabla ya magharibi. Inawezekana? Na leseni je?

JIBU: Leseni hamuitaji, mtafundishwa kidogo hapohapo gatini alafu mnaondoka. Ila hiyo safari ndugu yangu ni ya kwenye ramani tu. Mferejini watu hawahesabu maili, wanahesabu loki, kila moja weka robo saa, sasa kushuka 7 na kupanda 7 ni masaa matatu na nusu na bado hamjala, na wikendi kuna foleni. Handaki lenyewe mita 2,813, ni zaidi ya nusu saa gizani kwenda na nyingine kurudi. Mwendo mwisho maili 4 kwa saa, na mkipita boti zilizofungwa ukingoni mnapunguza tena, yani mtu anayetembeza mbwa anawaacha.

Mi ningesema piteni handaki, fungeni boti Stoke Bruerne, mle, mkakae pale lokini muangalie wenzenu wanavyotoka jasho, mgeuze mrudi. Ulizeni mapema sehemu za kugeuzia maana boti ndefu haigeuki kila mahali, na ulizeni kama loki wanaruhusu, kampuni zingine za boti za siku hazitaki kabisa. Wakiwaruhusu na mkashuka hata moja, omo (pua ya boti) ikae mbele na tezi (nyuma yake) iwe mbali na kile kizingiti chini ya malango ya nyuma, maji yakishuka tezi ikibaki imekaa juu yake boti inainama, na watu wamezama hivyo.

Mjomba kwenye kana hatakua na shida, ukisukuma kushoto omo inaenda kulia kama kwao. Kitakachomsumbua ni kwamba hamna breki, unarudisha injini nyuma alafu usukani haukusikii tena (mi nishaingia kwenye miti hivyo, mbele ya watu wanakunywa chai). Mkikutana na boti nyingine kaeni kulia, hata humo handakini, boti nyembamba mbili zinapishana.

Mwambieni pia handaki lilifunguliwa 1805 bila njia ya farasi, kwa io farasi alipitishwa juu ya kilima na mabaharia walilala chali wakisukuma kuta kwa miguu mpaka upande wa pili. Atapenda hiyo. Na mpeni koti la mvua hata kama nje jua linawaka, yale matundu ya hewa yanadondosha maji na anayeshika kana ndo yanamshukia kichwani.