Kagua mipangilio kabla programu haijapokea ombi la kwanza

Ndugu yangu, umeeleza kwamba programu yako huanza bila tatizo, kisha huanguka baada ya saa kadhaa mteja anapojaribu kulipa, na chanzo kikawa mstari mmoja uliosahaulika katika faili la mipangilio. Ushauri wangu ni kwamba mipangilio yote isomwe na kukaguliwa mahali pamoja, mara tu programu inapoanza, na ikipatikana thamani isiyofaa programu ikatae kuendelea.

Nilipokuwa nikitunza mfumo wa karo wa shule moja, ulioandikwa kwa lugha ya programu ya Python, niliweka DEBUG=False (yaani hali ya kutafuta hitilafu izimwe) kwenye vigezo vya mazingira, yaani thamani ambazo programu hupewa na mfumo wa uendeshaji inapoanza, nikiamini kwamba nimezima kurasa za makosa zinazoanika undani wa mfumo. Kumbe vigezo hivyo huifikia programu vikiwa maandishi, na Python ikiulizwa ukweli wa andishi lolote lisilo tupu hujibu kuwa ni kweli, hata kama andishi lenyewe ni "False". Kwa wiki nzima, kila hitilafu ilipotokea, wazazi walioneshwa vipande vya msimbo wetu, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Kwa hiyo kuuliza tu kama jina la mpangilio lipo hakutoshi. Lipo jina lisiloandikwa kabisa, lipo lililoandikwa likaachwa tupu, na lipo lenye thamani isiyokubalika, na kila moja listahili ujumbe wake. Namba ya poti, yaani mlango ambao programu hupokelea maombi, kwa mfano, igeuzwe kuwa namba kamili na ithibitishwe kuwa iko kati ya 1 na 65535, na saa za eneo zilinganishwe na majina yanayotambulika, kama Africa/Dar_es_Salaam. Ukitumia PyYAML, maktaba ya Python ya kusoma faili za mipangilio za muundo wa YAML, kumbuka kwamba neno no lisilo na alama za kunukuu husomwa kuwa si kweli, hata kama ulikusudia kifupi cha Norway.

Ninachokiogopa zaidi ni thamani za chaguo-msingi, zile ambazo programu hujijazia yenyewe mpangilio usipoandikwa. Kwa muda wa kusubiri jibu la seva hazina madhara, lakini anwani ya hifadhidata ikijazwa kimyakimya, malipo halisi yanaweza kuandikwa kwenye hifadhidata ya majaribio bila mtu kujua.

Hatimaye, kusanya makosa yote uyaoneshe kwa pamoja, ili msimamizi asiwashe mfumo mara tano kurekebisha mistari mitano. Taja jina la mpangilio wenye kasoro, lakini nenosiri lenyewe usilichapishe, kwa kuwa faili za kumbukumbu, ambamo ujumbe wa makosa huandikwa, husomwa na watu wengi.