Voliumu Inayokwaruza: Ushauri kwa Fundi Anayeanza Kutengeneza Amplifaya za Zamani

Amplifaya za miaka ya 1970 bado zimo sebuleni mwa watu wengi hapa Mombasa, na zinapofika kwa fundi malalamiko huwa karibu yale yale: voliumu inakwaruza inapozungushwa, au spika ya upande mmoja inapotea mpaka kirungu kisukumwe kidogo. Kijana anayeanza kazi hukimbilia kopo la dawa ya kusafishia na kupuliza papo hapo. Ningependa aanze kwa kusikiliza, kwa sababu mkwaruzo una vyanzo vitatu, na dawa hutibu kimoja tu.

Ndani ya voliumu mna njia ya kaboni iliyopinda mithili ya kiatu cha farasi, na juu yake hutembea ulimi mwembamba wa chuma. Hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi, na amplifaya iliyokaa miezi bila kuwashwa karibu na dirisha linaloelekea baharini hupata utando kwenye ulimi huo. Huo ndio uchafu, na dalili yake ni kwamba mkwaruzo husikika mahali pengi na hupungua ukizungusha kirungu mara kadhaa. Chanzo cha pili ni kulika: mkwaruzo hukaa mahali pamoja, mara nyingi pale pale mwenye chombo anapopenda kusikilizia. Cha tatu ndicho kinachowasumbua wengi, nacho ni umeme wa DC (wa mkondo usiogeuka) unaovuja kupitia kapasita iliyochoka, yaani kile kipande kinachotakiwa kupitisha sauti na kuzuia DC. Hapo mkwaruzo huandamana na kirungu kutoka mwanzo hadi mwisho, na hurudi muda mfupi baada ya kusafishwa.

Kwa hiyo, kabla ya kupuliza chochote, weka mita kwenye kipimo cha milivolti za DC, upime kati ya graundi (sehemu ya saketi inayohesabiwa kuwa volti sifuri) na mguu wa kuingilia sauti, kisha kati ya graundi na mguu wa kati ambao ndio ulimi. Pote panatakiwa pawe karibu na sifuri. Ukikuta makumi ya milivolti kwenye mguu wa kuingilia, ichunguze kapasita ya hatua iliyotangulia. Ukizikuta kwenye ulimi peke yake, tazama kapasita inayofuata. Badilisha hiyo kwanza, na huenda voliumu yenyewe ikawa haina kasoro yoyote.

Kipimo hicho hufanywa chombo kikiwa kimewashwa, basi tumia mkono mmoja na usiguse upande wa transfoma, ambako mna volti 240. Kazi nyingine zote zifanywe plagi ikiwa nje ya soketi. Kapasita kubwa za pawa hubaki na chaji hata baada ya kuzimwa. Zimalize kwa rezista ya kiloomu 1 ya wati 5, subiri kama dakika moja, kisha uhakikishe kwa mita. Kuzigusanisha kwa bisibisi ni desturi mbaya ambayo ningefurahi kuona inakoma katika vibanda vyetu.

Kwa uchafu, tafuta dawa ya viunganishi inayoacha ulainisho kidogo. Mafuta ya kulegezea nati zenye kutu hayafai, wala petroli, wala thina. Puliza kiasi kidogo kupitia uwazi ulio karibu na miguu, si kwenye mhimili, kwa kuwa grisi ya mhimili ndiyo inayokifanya kirungu kizunguke kwa uzito ule wa kupendeza. Zungusha mwisho hadi mwisho mara thelathini hivi, halafu uache ikauke kabla ya kuwasha.

Iliyolika inaweza kufunguliwa. Piga picha ya nyaya kwanza. Vikucha vya bati vinavyoshika kifuniko vinyooshwe polepole, kwani vikikunjwa mara mbili tatu hukatika. Ndani utaona mstari unaong'aa mahali ulimi ulipopita. Upanguse kwa pamba yenye spiriti, usitumie msasa hata kidogo, kisha usogeze ncha ya ulimi kiasi cha unywele ili ipite kwenye kaboni ambayo haijaguswa.

Kubadilisha voliumu nzima nakuacha kuwe hatua ya mwisho. Amplifaya nyingi za enzi hiyo zina mguu wa nne kwa kila upande, unaohudumia swichi ya kuongeza besi sauti ikiwa chini, na voliumu mpya za madukani mara nyingi hazina mguu huo. Tena lazima iwe ya logi, yaani ambayo ukinzani wake hupanda polepole mwanzoni kisha haraka mwishoni. Herufi A kwenye voliumu za Kijapani humaanisha logi, ila kwenye baadhi ya voliumu za zamani za Ulaya maana hugeuka, kwa hiyo amini mita: ya kiloomu 100 ikiwekwa katikati, kutoka graundi hadi kwenye ulimi, husoma kiloomu 10 hadi 20 ikiwa ni ya logi, na karibu 50 ikiwa si ya logi. Ukiweka hiyo ya pili, sauti itapanda ghafla kirungu kikiwa hakijafika hata robo.

Ukimaliza, unganisha spika za bei nafuu kwanza, ucheze taarabu ya zamani iliyorekodiwa kwa chaneli moja, sauti ikiwa chini kabisa. Mwimbaji anatakiwa asikike katikati. Akiegemea upande mmoja kidogo, tofauti ya desibeli 2 hivi ni ya kawaida kwa voliumu ya kaboni. Ikizidi hapo, fungua tena uangalie kama ndimi zote mbili, mmoja wa kila upande, zinakandamiza sawasawa.