Risasi Haiingii Chembani? Usishindilie Kichwa

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mtu wa Molo, nafanya kazi Texas, na huku najaza upya maganda ya 9mm nyumbani. Risasi za dukani zinaingia vizuri kwenye bastola yangu, lakini zangu nyingi zinakwama na slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma na mbele, haifungi kabisa. Nimeshindilia vichwa, zile ncha zinazoruka, ndani zaidi ya maganda, bado.

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Hapo kwenye "nimeshindilia" ndipo moyo wangu uliposhtuka. Karibu kila anayeniuliza jambo hili huwa ameshafanya hivyo, akiamini kwamba risasi isiyoingia ni ndefu mno. Ganda la 9mm ni dogo. Ukisukuma kichwa ndani, nafasi ya baruti hupungua na shinikizo hupanda upesi. Urefu wa juu wa risasi nzima ni milimita 29.69, lakini kuwa chini ya hapo si kinga.

Mara nyingi kosa liko mdomoni mwa ganda: uliupanua ili kichwa kikae, kisha hukuurudisha. Vua mtutu, elekeza juu chemba, yaani tundu la nyuma risasi inamokaa, udondoshe risasi. Itue bila kusukumwa, na ukigeuza mtutu itoke yenyewe. Ikigoma, ipake wino wa makapeni, irudishe uizungushe, utazame ulipokwanguka. Mdomoni? Bana kidogo tu hadi ule upanuzi upotee. 9mm husimama chembani kwa mdomo wa ganda, kwa hiyo ukiubana mno risasi itaingia ndani kupita kiasi. Karibu na kitako? Ganda limevimba, na dai, yaani kile kifaa cha kulirudishia umbo, haikushuka vya kutosha. Kwenye kichwa, kinapogusa mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu? Hapo tu ndipo urefu hupunguzwa, kwa vipimo vya kitabu vya kichwa hicho hicho, ukianza tena na baruti ya kiwango cha chini.

Na usimpe mtu akusugulie chemba kwa msasa! Hapa Nakuru niliwahi kuletewa bastola ya mtu mwenye cheti halali, risasi zake za kiwandani. Shida ilikuwa uchafu uliogandamana, kazi ya brashi ya dakika kumi. Aliyejiita fundi akasugua. Risasi zikaingia zote, maganda yakatoka yamevimba, mtutu ukawa wa kutupwa. Wengine huipiga slaidi kwa kiganja hadi ifunge, wakidhani wametengeneza.

Zile ulizoshindilia usifyatue hata moja kwa majaribio. Ng'oa vichwa kwa nyundo yake maalumu, ondoa baruti, uanze upya.