Kwetu ni Mto Tana

Mwanangu mpendwa,

Nimepata ujumbe wako. Unasema kazini wanakuuliza kwenu ni wapi, nawe hujui useme Hola alikozaliwa baba yako, Garsen alikoolewa shangazi yako, au Ngao nilikotoka mimi. Sema Mto Tana. Anayetaka zaidi atauliza zaidi.

Mto huo ni mrefu kuliko yote Kenya, kama kilomita 1,000 kutoka Nyandarua na Mlima Kenya hadi Kipini baharini, na miji yetu imefuatana kandokando yake. Mafuriko yakipita Garissa, Hola wanajiandaa. Hola nao wanapigia simu Garsen, na Garsen wanapata muda wa kuhamisha mbuzi na magunia. Maji yakishuka huacha tope jeusi, laini, na humo ndimo nyanya yako alipanda mpunga na ndizi bila kununua mbolea. Tangu yajengwe mabwawa ya juu, hasa Masinga la mwaka 1981, maji hayaji tena kwa majira tuliyoyazoea. Hilo linatuuma sote, kuanzia Bura hadi delta, mto unapoingia baharini.

Wala usidhani nasema Wapokomo peke yetu. Waorma ni watu wa mto pia. Kiangazi huteremsha ng'ombe kunywa maji kwa njia ziitwazo malka, zinazopita katikati ya mashamba, na wazee wa pande zote mbili walikuwa wakikaa kukubaliana ng'ombe wapite wapi. Mwaka 2012 ugomvi wa maji, malisho na mashamba uliua watu zaidi ya 100 kwenye delta, wakiwemo wanawake na watoto wengi. Ndiyo maana nakuomba utaje mto kabla ya kabila. Mto ni wao kama ulivyo wetu.

Huku Nairobi wengi huijua Hola kwa wafungwa 11 wa Mau Mau waliopigwa hadi kufa na walinzi wa kikoloni mwaka 1959, na ni haki wakumbukwe. Waambie pia kwamba wimbo wa taifa umetokana na wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto. Na maji mengi ya bomba ya Nairobi yanatoka bwawa la Ndakaini, kwenye Mto Thika, unaoingia Tana.

Ukipata likizo, usizungukie Mombasa. Pitia Garissa uteremke na mto: Bura, Hola, Garsen, kisha Ngao. Nitampigia mjomba wako akuwekee kambare.

Mama yako