Majibu yangu kwa mnaoniuliza kuhusu kazi ya jeni za pumu huku Leicester

Binti wa dada yangu anamaliza shahada ya maabara Dar es Salaam. Juzi aliniuliza kwenye kundi letu la familia: "Mama mdogo, huko Uingereza unafanya nini hasa, na mimi nije?" Kabla sijajibu, shangazi akauliza kama pumu ya ukoo wetu nimeshaipatia dawa, na binamu mmoja akataka kujua mshahara. Nawajibu wote kwa pamoja, tena kwa kirefu, kwa sababu najua wengi mnaniona kichwani mwenu nimevaa koti jeupe na kuinamia darubini.

Koti jeupe sina. Nashinda kwenye kompyuta. Watu walishatoa damu au mate miaka mingi iliyopita, vinasaba vyao vikasomwa na mashine, mimi napokea mafaili. Ukifungua faili moja unakuta namba ya kromosomu, yaani kipande kimoja kikubwa cha vinasaba, mahali penyewe, herufi iliyozoeleka (vinasaba huandikwa kwa herufi nne: A, C, G na T), herufi mbadala, halafu watu, safu kwa safu, maelfu kwa maelfu. Jenomu ya binadamu, yaani vinasaba vyake vyote kwa pamoja, ina herufi kama bilioni 3. Tunachukua mamilioni ya sehemu ambazo watu hutofautiana, na kwenye kila sehemu tunauliza: je, wenye pumu wanayo herufi hii kuliko wasio na pumu? Ukiuliza swali mara mamilioni, bahati tupu itakupa majibu mengi ya uongo. Ndiyo maana hatulikubali tokeo mpaka uwezekano wa bahati tupu kuzaa tofauti kubwa kiasi hicho uwe chini ya 5 katika milioni 100.

Lakini muda mwingi hauishii hapo kwenye kuuliza, unaishia kwenye kusafisha data. Kundi moja la watafiti limeandika herufi kwa kusoma uzi mmoja wa DNA, kundi jingine limesoma uzi wa pili unaoukabili. A ya huyu inakuwa T ya yule. Ukiunganisha bila kukagua, unatoka na ugunduzi mkubwa ambao haupo. Jioni unatuma kazi kwenye klasta, ile mitambo mingi ya kompyuta iliyounganishwa, inakaa foleni, na asubuhi unakuta imekatika usiku wa manane kwa kukosa kumbukumbu ya kutosha. Unarekebisha mstari mmoja, unatuma tena. Mwanangu, kama jambo hilo linakuchosha hata kulisikia, kazi hii itakutesa. Mimi nalipenda. Napenda ile saa ambapo namba za makundi mawili yasiyojuana, ya nchi mbili tofauti, zinaelekea upande mmoja.

Sasa shangazi, shikamoo. Dawa sijaipata, na hakuna mtu mmoja atakayeipata. Pumu kweli inatembea kwenye koo, lakini haina jeni moja. Mwaka 2007 kikundi cha watafiti Miriam Moffatt na William Cookson kilionyesha kwamba eneo fulani la kromosomu ya 17, lilipo jeni la ORMDL3, linahusiana na pumu inayoanza utotoni. Mwaka 2010 mradi wa utafiti wa pumu wa GABRIEL ukachunguza wagonjwa zaidi ya 10,000 na kuongeza maeneo mengine. Mwaka 2018 zikaunganishwa tafiti za wagonjwa karibu 24,000 na wasio wagonjwa zaidi ya 118,000, yakapatikana maeneo 18. Kila eneo linaongeza hatari kidogo tu. Mtu anaweza kuwa na herufi nyingi za hatari asiugue maisha yake yote, na mwingine mwenye chache akabanwa kifua kila masika. Kwa hiyo akija mtu kuwauzia kipimo cha vinasaba kwamba kitasema mtoto gani atapata pumu, msimpe hela yenu.

Faida ipo, ila inakuja kwa kuzunguka. Baadhi ya maeneo hayo yako kwenye jeni za TSLP na IL33, zinazotengeneza kengele ambazo ngozi ya ndani ya njia ya hewa huzipiga inapoguswa na vumbi au virusi. Tangu mwishoni mwa 2021 ipo dawa ya sindano, tezepelumab, inayoizuia TSLP, na wagonjwa wa pumu kali wanachomwa kila baada ya wiki nne. Jeni hazikuivumbua peke yake, lakini zilisaidia kuonyesha kwamba njia ile ni ya kweli. Bei yake hatuiwezi.

Na hapa nataka mnisikilize vizuri kuliko sehemu nyingine yoyote. Shangazi, unachohitaji leo hakitoki kwenye kompyuta yangu. Unahitaji pampu ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe wa ndani ya kifua, ile ya kuzuia, ya kutumia kila siku hata ukiwa mzima. Beclometasone ya kuvuta ipo tangu miaka ya 1970. Pampu ya bluu, salbutamol, inafungua kifua kwa saa chache lakini haitibu uvimbe ulio ndani, na tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu hautaki tena mtu mzima aitegemee hiyo peke yake. Huko nyumbani bado mnaambiana kwamba pampu ni mazoea, ukianza huachi, itakudhoofisha moyo. Mimi mwenyewe nina pumu, nimekulia kwenye vidonge vya aminofilini na mvuke wa majani, na pampu ya steroidi nimeijua nikiwa mtu mzima. Kwa mwaka 2019, makadirio yaliyotolewa na Shirika la Afya Duniani ni wagonjwa milioni 262 na vifo 455,000, vingi vikiwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati-chini kama zetu. Wale hawakufa kwa kukosa utafiti wa jeni. Inaniuma, tena nalisema hilo hapa kazini bila kuficha.

Binamu, mshahara. Mtafiti mwenye uzamivu, asiye profesa, hapa anaanzia kwenye pauni 40,000 hivi kwa mwaka kabla ya makato. Ukitoa kodi, bima ya taifa na pensheni, mkononi inafika kama 2,500 kwa mwezi. Toa pango, kodi ya halmashauri, umeme na gesi ya kupasha nyumba kuanzia Oktoba, nauli, na zile mnazoniomba. Viza nayo ina ada ya afya ya pauni 1,035 kwa kila mwaka kwa mtu mzima, na unailipa yote kabla hujapanda ndege. Ukiwa na mume na watoto, piga hesabu mwenyewe. Dawa zangu za pumu nazilipia pauni 9.90 kila moja, kwa sababu England ina orodha ya magonjwa yanayosamehewa ada hiyo na pumu haimo. Sijalala njaa na siwalilii hali. Ila nyumba ya gereji sina, na anayeniomba nimjengee ajue anaomba kutoka wapi.

Kinachonikosesha usingizi kuliko pesa ni mkataba. Watafiti wengi wa ngazi yangu wanaajiriwa kwa miaka miwili au mitatu, kadiri ruzuku ya utafiti ilivyo. Ruzuku ikiisha, kazi imeisha, na kama viza yako imefungwa kwa mwajiri huyo, muda wa kutafuta mwingine ni mfupi. Nimeona wenzangu wenye akili nyingi, wenyeji kabisa, wakiacha sayansi na kwenda benki. Siwalaumu.

Leicester yenyewe ni mji mzuri kwa mtu wa kwetu. Wazee wengi wa Kihindi hapa walifukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, wengine walitoka Kenya na Tanganyika, na bado wanazungumza Kiswahili. Kwenye maduka ya Melton Road mama mwenye mvi ameniuliza, "Umetoka wapi, mwanangu?" huku akipima muhogo. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikiwa na nguvu.

Nije kwenye jambo ambalo sijawahi kuwaambia. Kabla ya kuchambua chochote, tunachora watu wote kama nukta kwenye grafu kufuatana na asili yao. Wazungu wanajikusanya kona moja. Wenye asili ya Afrika wanatawanyika mbali. Halafu unaandika amri moja ya kuwaondoa walio nje ya lile kusanyiko, unabonyeza, nukta zinapotea. Sababu ni ya kitaalamu na ni ya kweli: ukichanganya asili tofauti ovyo, unapata uhusiano wa uongo. Lakini nimekaa pale nikawaona watu wa aina yangu wakifutwa kwenye hesabu, na mkono uliobonyeza ni wangu. Kufikia 2018, asilimia 78 ya watu waliomo kwenye tafiti za namna hii walikuwa wenye asili ya Ulaya, na Waafrika asilimia 2. Utafiti mkubwa wa pumu ya kati na kali uliotoka 2019 na kugusa jeni la ute, MUC5AC, umeandika kwenye kichwa chake kabisa kwamba unahusu watu wa asili ya Ulaya.

Hasara si yetu tu. Njia yetu hii inakuelekeza mtaa, haikuonyeshi nyumba, kwa sababu herufi jirani hurithiwa pamoja. Kwa Wazungu mitaa ni mirefu, nyumba nyingi, hujui mkosaji ni yupi. Waafrika ni wakongwe na tumechanganyika zaidi, kwa hiyo mitaa yetu ni mifupi. Anayetaka kuijua pumu ya mtu yeyote duniani, hata ya Mwingereza, anatuhitaji kwenye data. Hiyo ndiyo sababu inayonifanya niombe mkataba mwingine kila huu unapokaribia kwisha.

Kwa hiyo mwanangu, uje? Njoo kwa uzamivu wenye ufadhili kamili, usije kwa kujilipia uzamili kwa kuuza kiwanja cha bibi. Na usisubiri kufika huku ndipo uanze. Kilifi kuna KEMRI-Wellcome, kituo cha utafiti wa afya, Makerere kuna kituo cha bayoinfomatiki, yaani uchambuzi wa vinasaba kwa kompyuta, Muhimbili wana utafiti wa selimundu uliofundisha vijana wengi kushika data ya jeni. Entebbe wamechunguza pumu kwa wanafunzi wa Uganda wakaona kwamba waliozaliwa na kukulia mjini wako kwenye hatari zaidi kuliko wa shamba. Hilo ni swali letu kabisa, na wameliuliza wakiwa nyumbani.

Nitarudi lini? Nitakapopata nafasi yenye mshahara wa uhakika na mtandao usiokatika katikati ya kazi. Nimeanza kuzungumza na watu.

Wewe anza wikendi hii. Weka Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, kwenye laptopu yako, na jifunze R, lugha ya kompyuta ya kuchambua takwimu. Data ya mradi wa Jenomu 1000 ni ya bure, ina watu 2,504 kutoka jamii 26, na mmojawapo wa makundi hayo ni Waluhya wa Webuye, Kenya. Pakua kromosomu ya 17 yao na ya Waingereza. Tafuta alama inayoitwa rs7216389, iliyoongoza ule utafiti wa 2007, hesabu herufi ya T inajitokeza mara ngapi kila upande, kisha pima mtaa wake una urefu gani kwa Waluhya na kwa Waingereza. Nitumie grafu pamoja na skripti yenyewe, yaani amri ulizoandika, hata kama haijakamilika. Jumapili jioni niko nyumbani, tutaipitia kwa simu mstari kwa mstari.